Sura ya Baba Mkwe Kwenye Tangazo la Mbolea

Sura ya baba mkwe wangu niliiona kwa mara ya kwanza ukutani mwa duka la Mhindi pale Uyole, imebandikwa kwa gundi juu ya maneno ya kuuza mbolea. Wakati huo, mwaka 1956, nilikuwa nimeshakaa katika ndoa miaka sita. Miaka yote hiyo nilikijua kikohozi chake, nikaijua fimbo yake inavyogonga mawe na tumbaku yake inavyonuka, lakini uso wake sikuujua. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba wa mumewe. Akija njiani, unaingia majanini. Akikaribia nyumba yako, unatoka kwa mlango wa nyuma. Jina lake hulitamki, na hata hapa sitalitamka mimi, watalitamka wengine.

Watu wa misheni walitusema sana, eti Mkristo hamkimbii mzazi wake. Nani alikuwa anamkimbia? Ilikuwa heshima, na heshima yenyewe ilikuwa ya pande mbili. Yule mzee, mzee wa kanisa, mkali, mwenye ng'ombe wengi, alikuwa akikohoa makusudi kila akikaribia ua wangu, ili nipate nafasi ya kuondoka bila kukimbia kimbia. Alikohoa hata siku ambazo kifua chake kilikuwa kizima. Mume wangu Asukile alikuwa migodini Rodesia, na mzee yule ndiye aliyehakikisha paa langu halivuji na mtoto wangu Esta anapata maziwa. Tuliishi vizuri bila kuonana. Nataka mlielewe hilo kwanza, kabla sijawaeleza waliyoyatenda watu wa Kampuni ya Neema.

Asubuhi ile nilikuwa nimebeba kabichi kwenda sokoni. Nikaona watu wamejazana mbele ya duka, nami nikasogea kama wengine. Kwenye karatasi kubwa kulikuwa na mzee ameshika hindi nene, anatazama mbele kwa macho makali. Pembeni yake, bega kwa bega, bega linagusa bega, kulikuwa na mwanamke ameweka mkono juu ya gunia, meno yote nje. Mwanamke huyo alikuwa mimi. Chini yetu wameandika jina la mzee kwa herufi kubwa, kisha: NA MKWEWE WANAITEGEMEA MBOLEA YA NEEMA. FAMILIA MOJA, MBOLEA MOJA.

Niliivuta kanga usoni haraka, lakini nilikuwa nimechelewa. Nilikuwa nimeshamwona. Kabichi zikaanguka, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyeinama kunisaidia kuziokota.

Sasa nieleze picha ilivyopigwa, maana kuna watu mpaka leo wanafikiri niliitafuta mwenyewe. Siku nyingi nyuma lilikuja gari la matangazo la kampuni, lina kipaza sauti juu ya paa, likiongozwa na kijana mmoja Mhehe aliyeitwa Liberatus. Suruali imenyooshwa, nywele zimepasuliwa njia, maneno matamu. Watu walimwita Bwana Habari. Alikuwa ametumwa kutoka Iringa kuifanya kampuni ipendwe na wakulima. Akaniona sokoni, akaniambia, "Mama, shika hili gunia kidogo, upigwe picha ya kumbukumbu." Sikulinunua gunia lile, sikujua hata limejaa nini. Nilicheka kwa sababu mpiga picha alikuwa ameficha kichwa ndani ya kitambaa cheusi, makalio yamebaki nje sokoni mchana kweupe. Nani asingecheka? Liberatus akauliza mimi ni wa nyumba ya nani, wanawake wakamwambia. Basi, wakaondoka. Picha ya kumbukumbu sikuipata.

Ikawa siku ileile wameshapita nyumbani kwa mzee, wakampiga picha na yeye barazani kwake, ameshika hindi lake. Hilo sikulijua. Na hindi lile, tafadhali, lilinenepa kwa samadi ya ng'ombe wake mwenyewe. Mbolea yao ya chumvichumvi ilikuwa haijawahi kufika shambani kwake.

Jioni alikuja mama mkwe wangu, Sekela. Huyo tulikuwa tunaonana na kuzungumza, na alinipenda. Hakukaa.

"Mwanangu Tusekile," akasema, "baba yako anauliza ulisimama lini pale."

"Sikusimama, mama. Mimi nilipigwa sokoni."

"Hata yeye anasema hakusimama na mtu. Anasema alipigwa barazani. Lakini anasema walimwambia asigeuke, atazame mbele tu, asipepese. Anasema labda hapo ndipo uliponyata ukasimama nyuma yake."

"Mama! Mimi ninyate?"

"Ninyi wawili mnasema hamkusimama, na picha inasema mmesimama. Sasa mimi nimwamini nani?"

Na ubaya wenyewe ni huu: na mimi nilikuwa nimeanza kumshuku yeye. Nilikumbuka kwamba siku ile sokoni kulikuwa na vishindo vya watu nyuma yangu. Nikajiuliza, mzee yule amepata wapi wazimu wa kuja kusimama ubavuni mwangu? Hatukujua, hakuna mtu Uyole aliyejua, kwamba picha inaweza kukatwa na kuungwa. Picha kwetu ilikuwa kama macho ya mtu wa tatu aliyekuwepo. Kila mmoja wetu aliyaamini macho hayo kuliko miguu yake mwenyewe.

Tungekaa mkekani dakika chache tu, yeye na mimi, aseme alikuwa wapi na mimi niseme nilikuwa wapi, jambo lingekwisha. Lakini kukaa mkekani pamoja ndilo jambo hasa tusiloweza kulifanya. Kampuni ilikuwa imetupiga mahali ambapo hatukuwa na mlango.

Sekela alifuta macho, akamaliza ujumbe wake. Ndugu wa mume wangu wamekaa kikao. Mwanamke aliyegusana bega na baba mkwe wake, tena anacheka, hawezi kubaki kwenye ua ule. Wiki inayofuata watanirudisha Rungwe kwa baba yangu. Esta atabaki, maana ni mtoto wa ukoo wao. Alikuwa na miaka minne, analala kwa kushika sikio langu.

Sikulia. Nilikasirika kiasi kwamba machozi yaligoma. Nikaenda kwa kaka yangu Jailos, aliyekuwa utingo wa lori la viazi, nikamwambia, "Nipandishe juu ya magunia, nataka kwenda Iringa." Jailos akaniuliza naenda kufanya nini. Nikamwambia naenda kumuuliza mtu mmoja mwenye nywele za njia swali moja.

Tulifika Iringa na vumbi la barabara nzima usoni. Jailos alikwenda kuteremsha viazi, mimi nikaomba maji kwa mwanamke mmoja muuza vitunguu pale sokoni. Jina lake Severina. Akanipa kata ya maji, kisha akanitazama, akaanza kucheka.

"Karibu, karibu! Kumbe wewe ndiye mkwe wa Mzee Kalinga! Sisi tunajiuliza, huyu mwana wa Kalinga ameoa lini?"

"Kalinga ni nani?" nikamuuliza.

Akanyoosha kidole. Kwenye ukuta wa soko kulikuwa na karatasi kubwa kama ile ya Uyole. Nilikuwa mimi palepale. Meno yaleyale, gunia lilelile, kiraka kilekile cha mkono wa gauni. Lakini bega langu safari hii lilikuwa limegusa bega la mzee mwingine kabisa, mrefu, amejifunga blanketi, ambaye sijapata kumwona tangu nizaliwe. FAMILIA MOJA, MBOLEA MOJA.

Nilisimama pale nikiwa nimeolewa mara mbili bila habari. Kwanza nilipata nguvu mpya, kwa sababu nilielewa palepale: mtu hawezi kusimama na mzee wa Uyole na mzee wa Iringa kwa cheko moja. Wamenikata. Kisha hasira ikapanda mpaka masikio yakawa ya moto. Mimi nafukuzwa nyumbani, naachishwa mtoto, kumbe mahali fulani kuna mtu amekaa kitini na mkasi ananihamisha hamisha kwa wazee apendavyo! Nikamwagia ukuta maji yaliyobaki kwenye kata, nikaibandua karatasi taratibu isichanike. Severina alipoelewa, aliacha kucheka, akaja kushika upande wa pili.

Ofisi ya Kampuni ya Neema haikuwa mbali. Liberatus alinitambua mara moja, akasimama kwa adabu, akanivutia kiti. Sikukaa. Nikatandaza karatasi juu ya meza yake.

"Bwana, huyu mzee ni nani wangu?"

Alitabasamu. "Mama, usikasirike. Hukutukanwa, umetukuzwa. Sura yako imefika mpaka Njombe."

"Na Njombe nimeolewa na nani?"

Akanieleza kwa upole, kama mwalimu anavyoeleza hesabu kwa mtoto mzito, kwamba kazi yake ni kujenga imani ya watu. Watu hawaamini gunia, akasema, wanaamini watu. Wakimwona mzee anayeheshimika na mke wa mtoto wake, wanaona nyumba yenye amani, na wanasema mbolea hii ni ya kwetu.

"Mzee Yotamu anaheshimika sana kule kwenu," akasema. "Tuliona ni vizuri kumweka pamoja na mkwewe. Kwetu Uheheni jambo kama hilo linapendeza."

"Kwetu linavunja nyumba. Uliuliza?"

Hapo uso wake ulibadilika kidogo. Nikamweleza yote: majani, mlango wa nyuma, kikohozi, na Esta. Nitasema haki yake, alisikiliza, na mwisho aliona aibu. Lakini aibu ya mtu wa kazi ile haifiki mdomoni.

"Pole sana, mama. Kwa kweli sikujua. Nitakupa magunia mawili bure, na mzee mawili."

"Sitaki mbolea. Nataka uje Uyole useme kwa kipaza sauti kilekile kwamba mlitukata mkatuunga."

"Hilo gumu. Tukisema tumedanganya picha, watu watauliza tumedanganya nini kingine."

"Kwani mmedanganya nini kingine?"

Akageukia dirishani. Nje walikuwa wanapakia magunia kwenye lori, na sisi wote wawili tukayatazama.

"Hindi lile ni la samadi," nikamwambia. "Unajua."

"Angetumia ya kwetu lingezidi," akasema, lakini kwa sauti ndogo. "Jumamosi nitakuja Uyole. Nitasema neno."

Nilirudi juu ya lori tupu na karatasi yangu nimeiviringisha kifuani. Jumamosi ilikuwa siku ya soko, na ilikuwa kabla tu ya siku ya kunirudisha Rungwe. Asubuhi nilikoroga uji mzito wa ngano, nikaufunga kwenye jani la mgomba, nikaenda sokoni nao. Wanawake walinipisha njia kama mtu mwenye ndui.

Gari lilikuja likiimba. Liberatus alipanda kwenye ubao wa nyuma, akashika kipaza sauti, akasalimu watu kwa Kinyakyusa alichofundishwa njiani, "Ndaga fijo!" Watu wakacheka, wakapenda. Akazungumza juu ya mavuno, juu ya neema, juu ya kampuni inayompenda mkulima. Nilisubiri. Akazungumza tena juu ya mavuno. Mwishoni kabisa, haraka haraka kama mtu anayekohoa kanisani, akasema kwamba katika tangazo fulani kulitokea hitilafu ndogo ya uchapaji, na kampuni inaomba radhi kwa usumbufu wowote.

Hitilafu ya uchapaji! Yaani mashine ndiyo iliyoshika mkasi? Mashine ndiyo iliyonitafutia mzee wa pili Iringa? Usumbufu! Mtoto wangu ni usumbufu?

Sikupanga la kusema, na kusema kweli sikusema kitu. Nilikwenda ukutani mwa duka nikiwa nimejifunika ili nisiuone tena ule uso, nikapaka uji kwa kupapasa, nikaibandika karatasi ya Iringa pembeni ya ile ya Uyole. Nikarudi nyuma. Watu wakasogea. Mtu wa kwanza kuelewa alikuwa Anyitike, mkulima wa jirani yetu, aliyenunua magunia matatu.

"Ee! Tusekile ana wakwe wawili!" akapiga kelele, na soko zima likalipuka kwa kicheko.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kisha kicheko kikapungua, kikafa. Nikaona watu wanamtazama Liberatus, wanatazama magunia, wanatazama tena ukuta.

"Bwana Habari," akasema Anyitike, na sasa hakuwa anacheka, "mimi nimenunua kwa ajili ya uso wa mzee huyu. Nimejiambia, kama Yotamu ameitia shambani, na mimi naitia. Ameitia au hakuitia?"

Liberatus alifungua mdomo. Kabla hajapata neno tamu la kuweka humo, nikasikia kikohozi.

Ningekijua popote. Kilitoka upande wa kanisani, mara moja, kisha tena kwa nguvu zaidi, kama alivyozoea kukohoa nje ya ua wangu. Mtu mmoja alikuwa amemwita. Hapakuwa na majani pale wala mlango wa nyuma, kulikuwa na gari tu. Nikazunguka nyuma yake, nikachutama karibu na tairi, nikavuta kanga mpaka kidevuni. Niliona vumbi tu na miguu ya watu, nikaisikia fimbo ikija.

"Kijana," sauti yake ikasema, "siku ile ulinipiga picha mimi nikiwa wapi?"

"Barazani kwako, mzee."

"Nyuma yangu kulikuwa na nani?"

"Hapakuwa na mtu, mzee."

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Sokoni. Hapa."

"Na mbolea yako imefika lini shambani kwangu?"

Mbwa wa Mhindi alibweka, akanyamaza.

"Haijafika, mzee."

"Mimi nimekusikia," akasema mzee, "lakini uongo wako ulipelekwa kwa chombo hicho, ukafika mpaka kilimani. Hayo uliyoniambia sasa yatie humo humo."

Nilisikia Liberatus akivuta pumzi ndani ya kipaza sauti. Kisha sauti yake ikatoka juu ya paa, ikapita juu ya kichwa changu, ikaenda mashambani: wale wawili hawakusimama pamoja, tuliwakata na kuwaunganisha Iringa; mwanamke hakumsogelea mzee; mzee hakutumia mbolea yetu. Alisema yote. Mzee akamwambia aseme tena, na amtaje yule mzee wa Iringa pia. Akasema tena. Anyitike alikuwa ameshaanza kuwaambia watu warudishe magunia, na nilisikia yakianza kubwagwa chini moja baada ya jingine.

Nami nilibaki pale, nisiweze kutoka. Kila mtu alijua nilipo, na yeye pia alijua, maana macho yote yalikuwa yanaelekea nyuma ya gari. Hawezi kuniambia neno, nami siwezi kumjibu. Nikasikia fimbo ikigonga bati la gari.

"Wewe gari," akasema, "umezunguka nchi nzima na maneno yasiyo ya kweli. Leo peleka moja la kweli. Mwambie huyo aliye nyuma yako arudi nyumbani kwake. Mtoto anamlilia."

Kisha fimbo ikaanza kuondoka, na alipofika kwenye kona akakohoa, nijue kwamba njia ni nyeupe.

Nililia pale, nimeegemea tairi. Sekela alikuja kuninyanyua, akanifuta vumbi magotini, akaniambia twende.

Kesho yake, Jumapili, nilipita mbele ya duka kwenda kanisani, kanga nimeivuta tayari. Sekela akaniambia niifungue tu. Alikuwa ameamka na kukuta mumewe hayupo kitandani. Kulipopambazuka alirudi na kisu mkononi na chokaa kwenye vidole. Nikafungua. Karatasi ya Uyole ilikuwa bado ukutani, na mimi nilikuwa bado ninacheka na gunia langu. Uso wake ulikuwa umekwanguliwa wote, taratibu, mpaka kwenye udongo wa ukuta, bila kugusa hata ncha ya gauni langu. Alifanya hivyo ili nikienda sokoni nisilazimike kujificha. Moyoni mwake mambo yalikuwa yamekwisha, amerudisha kila kitu mahali pake.

Kampuni ya Neema haikuuza tena gunia hata moja Uyole. Liberatus aliacha kazi, au aliachishwa, na wengine wakasema alimwendea Mzee Kalinga kumwomba radhi. Kama ni kweli, vyema. Mimi sijawasamehe. Mtu akikuchukulia kuku, anaweza kukurudishia kuku. Wale walichukua kitu ambacho hata wangetaka kukirudisha wasingejua wakirudishe vipi.

Maana yule mzee ana kovu juu ya jicho la kushoto, na jino moja la mbele limekatika. Jioni ya Jumapili ile alikohoa nje ya ua wangu, nami nikatoka kwa mlango wa nyuma kama kawaida, nikasimama migombani nikisubiri apite, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita nikajua ni uso gani unaokohoa.